Tubinafsishe na Segerea?

Kuna hoja moja ambayo haifi nchini kwetu. Kila huduma ya umma inapochoka, lazima atokee mtu kijiweni, tena mara nyingi mwenye digrii yake, aseme: "Si wampe mwekezaji tu?" Imesemwa kwa maji, kwa umeme, kwa reli, kwa bandari. Na sasa, ukizungumza na wasomi wa mjini kuhusu msongamano wa magereza, utaisikia tena: si wampe mwekezaji tu? Mbona Afrika Kusini wamefanya? Mbona Marekani?

Wanaosema hivyo si wajinga, kwa hiyo tusiwacheke. Tuijibu hoja yao.

Kwanza tuwape haki yao. Magereza yetu yamekuwa na tatizo la miaka mingi: watu wengi, nafasi chache, na sehemu kubwa ya waliomo ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Ukikaa nje ya mahakama yoyote ya Dar asubuhi utaona karandinga likishusha vijana, na jioni utaliona likiwarudisha walewale, "upelelezi haujakamilika." Serikali nayo hulalamikia gharama. Mwaka 2018 Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba hataki kuendelea kulisha wafungwa kwa fedha za serikali, wafanye kazi wajilishe. Sasa akija mtu na kusema nitajenga kwa fedha zangu, nitalisha, nitalinda, nyie mnilipe kidogo kidogo kwa miaka 25, nani hatashawishika?

Afrika Kusini walishawishika. Walijenga jela mbili za namna hiyo: Mangaung pale Bloemfontein, iliyofunguliwa 2001, na Kutama Sinthumule kule Limpopo, iliyofunguliwa 2002. Kila moja ina vitanda kama 3,000. Tena zilikuwa na sifa moja nzuri: mkataba haukuruhusu kuzidisha watu kuliko vitanda, wakati jela za serikali zilikuwa zimebanana kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Hapo mtetezi wa ubinafsishaji atauliza, mnataka nini tena?

Subirini kwanza. Oktoba 2013 serikali ya Afrika Kusini ililazimika kuingia Mangaung na kuichukua kwa muda kutoka kwa kampuni ya G4S, baada ya kuona kampuni imeshindwa kuidhibiti. Mwaka huohuo waandishi wa habari walikuwa wameandika madai ya wafungwa kupigwa shoti za umeme na kuchomwa sindano kwa nguvu. Mwaka 2014 jela ikarudishwa kwa kampuni. Kisha, Mei 2022, dunia ikaambiwa kwamba mfungwa wa kifungo cha maisha, Thabo Bester, amejiua kwa moto ndani ya selo yake. Waandishi wa GroundUp hawakuridhika, wakachimba. Machi 2023 ikathibitika kwamba maiti ile haikuwa yake. Na Aprili 2023 Bester akakamatwa akiwa hai, mzima wa afya, wapi? Arusha! Arusha yetu hii.

Najua utaniambia wafungwa hutoroka hata jela za serikali. Kweli kabisa. Lakini tazama kilichofuata. Wafanyakazi wa zamani wa kampuni wakafikishwa mahakamani, viongozi wa kampuni wakaitwa bungeni kuhojiwa, wizara nayo ikahojiwa, na mwananchi wa kawaida akabaki na swali dogo sana: mwenye jela ni nani? Askari magereza akifanya uovu Ukonga, tunajua wa kumfuata: mkuu wa gereza, Kamishna Jenerali, waziri, mpaka Rais aliyemteua. Kampuni ikifanya uovu, kila mmoja anafungua mkataba kutafuta kifungu cha kumtupia mwenzake.

Mimi sina ugomvi na biashara. Kizazi chetu ni mashahidi wa faida yake. Wazazi wetu walisubiri miaka kuunganishiwa simu ya mezani, leo muuza mchicha ana laini mbili mfukoni. Kwa nini kwenye simu imefanikiwa? Kwa sababu ukiudhiwa na kampuni moja asubuhi, mchana umehamia nyingine. Mfanyabiashara anakuogopa. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mjadala mzima: je, anayetumia huduma anaweza kuondoka?

Mfungwa hawezi. Tena si yeye anayelipa, anayelipa ni serikali. Kwa hiyo mteja wa jela ya kampuni si mfungwa, ni wizara, na mfungwa ni bidhaa. Gharama kubwa ya kuendesha jela ni mishahara ya askari. Njia rahisi ya kupata faida ni kuajiri wachache, kuwalipa kidogo na kuwafundisha haraka. Na bidhaa ikipungua ghalani, mwenye ghala analia. Ndiyo maana huko Marekani mikataba mingi imekuwa na kifungu kinachoahidi kwamba vitanda vitajaa kwa asilimia 80, 90, hata 100, na visipojaa serikali italipa hata hivyo. Fikiria! Uhalifu ukipungua, ni hasara.

Tena Marekani hukohuko, jimbo la Pennsylvania, kata ya Luzerne, majaji wawili walipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu wenye maslahi katika mahabusu binafsi za watoto. Watoto wakawa wanapelekwa ndani kwa makosa ya kitoto kabisa. Kashfa ililipuka 2009, hukumu za maelfu ya watoto zikafutwa, na 2011 majaji hao wakafungwa, mmoja miaka 28, mwingine 17 na nusu. Sasa jiulize, sisi ambao rushwa ndogo tu inatushinda, tukiweka faida mlangoni pa jela itakuwaje?

Israel walisimama kabla ya kuingia. Bunge lao lilipitisha sheria ya jela binafsi mwaka 2004, jela ikajengwa, lakini Novemba 2009 Mahakama Kuu yao ikaifuta sheria hiyo. Hoja ilikuwa kwamba kumnyima mtu uhuru wake ni mamlaka ya dola, na kumkabidhi mtu anayetafuta faida ni kuvunja utu wa mfungwa. Mimi naikubali hoja hiyo.

Na kwa huduma nyingine? Swali ni lilelile. Bomba la maji linaloingia kwako ni moja tu, huna pa kuhamia. Dar tulijaribu: City Water, iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza, ilianza kazi Agosti 2003, na Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba wa miaka 10, hata miaka miwili haijatimia. Tukaishia kwenye usuluhishi wa kimataifa. Uamuzi wa Julai 2008 ulisema Tanzania ilikiuka haki za mwekezaji, ingawa hakupewa fidia hata senti. Reli nayo tuliikabidhi kwa RITES ya India 2007, na kufikia 2011 ikawa imerudi mikononi mwa serikali. Kuvunja ndoa hizi ni kazi kuliko kufunga.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekwepa. Kusema "ibaki serikalini" si jibu kwa mtu anayelala ubavu mmoja Keko usiku huu. Jibu lipo, na halihitaji mwekezaji. Tuna sheria ya Bodi za Parole tangu 1994. Tuna sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayoruhusu mwenye kosa dogo kufanya kazi ya umma badala ya kufungwa. Tuna dhamana, ambayo ni haki. Mkikamilisha upelelezi kabla ya kumsweka kijana ndani, na mwizi wa kuku akifagia hospitali badala ya kula ugali wa serikali, msongamano utapungua bila zabuni yoyote. Kampuni zikitaka biashara, ziuze maharage, zikarabati paa, zichimbe visima. Ufunguo wa selo zisiguse.

Kabla hatujauliza nani aendeshe jela, tuulize kwa nini imejaa. Mwekezaji hatauliza swali hilo. Kujaa ndiyo biashara yake.

Naomba kutoa hoja. Wewe unasemaje?