Anayerudi Kariakoo hana barua ya mwajiri
Na Rehema Kilindo, safu ya kila wiki

Mtu anayeomba viza ya matembezi kwenda Ulaya huulizwa mengi, lakini swali linalomkwamisha ni moja: atarudi? Kanuni ya Viza ya nchi za Schengen ya mwaka 2009 inamtaka ofisa wa ubalozi aangalie kwa makini kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza yake haijaisha muda. Uingereza nayo inataka iridhike kwamba mwombaji ni mgeni wa kweli, atakayeondoka ziara ikiisha. Marekani, kwa kifungu cha 214(b) cha sheria yake ya uhamiaji, humhesabu mwombaji kuwa anakusudia kuhamia mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Sina ugomvi na swali hilo. Kila nchi, yetu ikiwamo, ina haki ya kujua mgeni anakuja kwa nia gani na ataondoka lini. Ninachokipinga ni kipimo. Nia ya mtu haionekani kwa macho, kwa hiyo hupimwa kwa karatasi, na karatasi zinazopewa uzito ni za mtu wa aina moja: mwajiriwa ambaye mshahara wake unaingia benki kila mwisho wa mwezi.

Kiambatisho cha Kanuni ya Schengen kinataja vielelezo vya nia ya kurudi: tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa uwezo wa fedha, uthibitisho wa ajira pamoja na taarifa za benki, uthibitisho wa kumiliki nyumba au kiwanja, na uthibitisho wa familia na kazi zinazomfunga mtu na nchi yake. Ukiisoma orodha hiyo haraka huoni ubaya wowote. Sasa ipeleke Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwa mama anayeuza vitenge kwa jumla. Mwajiri hana, kwa hiyo barua ya mwajiri hana, na likizo iliyosainiwa na meneja rasilimali watu hana. Mauzo ya asubuhi ndiyo yanayolipia mzigo wa jioni, hivyo taarifa yake ya benki inaishia na salio dogo, hata kama fedha iliyopita humo kwa mwezi inazidi mshahara wa ofisa anayeikagua. Fedha nyingine haikugusa benki kabisa. Imepita kwenye simu. Nyumba yake Manzese aliinunua kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikasainiwa na mashahidi na kupigwa muhuri. Hati miliki hana, kama wasivyokuwa nayo majirani zake wengi. Karatasi hiyo ya mauziano imeandikwa kwa Kiswahili, na akitaka kuipeleka Uingereza itabidi alipe mtu aitafsiri na kuithibitisha.

Mama huyo ndiye hali ya kawaida katika bara hili. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 85 ya ajira zote Afrika ziko katika sekta isiyo rasmi. Kipimo kinachomtambua vizuri mtu mmoja kati ya saba, kisha kikawaacha sita waeleze maisha yao kwa vielelezo ambavyo maisha hayo hayavitoi, kina kasoro. Na kasoro hiyo haipimi nia hata kidogo. Mama mwenye duka, wapangaji, kikoba cha wanawake wanaomdai mchango wa mwezi, na mzigo uliokwama bandarini, ana sababu nyingi za kurudi kuliko kijana mwenye ajira ya mkataba wa mwaka mmoja. Lakini kijana ana barua yenye nembo ya kampuni.

Matokeo yake yanaonekana. Kundi la wabunge wa Uingereza linaloshughulikia masuala ya Afrika lilichapisha ripoti mwezi Julai 2019 ikionyesha kwamba kati ya Septemba 2016 na Septemba 2018, asilimia 27 ya maombi ya Waafrika yalikataliwa, wakati wastani wa maombi yote ulikuwa asilimia 12. Mwaka uliofuata, baada ya kupelekwa mahakamani, Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo iliacha kutumia programu ya kompyuta iliyokuwa ikiwapanga waombaji katika makundi ya rangi nyekundu, njano na kijani, uraia wa mwombaji ukiwa mojawapo ya vigezo. Upande wa Schengen, anayenyimwa hupewa fomu yenye visanduku. Mojawapo ya sababu zilizochapwa humo ni kwamba kuna shaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka. Alama ikishawekwa hapo, euro 90 za ada zimekwenda, na mwombaji hajui ni karatasi gani iliyopungua. Anayo haki ya kukata rufaa. Lakini rufaa dhidi ya shaka ambayo hukuelezwa imetoka wapi utaiandikaje?

Katika pengo hilo ndimo wanamoingia madalali. Huyu anauza barua ya ajira ya kampuni isiyokuwapo, yule anakopesha salio likae kwenye akaunti wiki mbili tatu mpaka taarifa ya benki ichapwe. Mtu mwaminifu anashawishiwa kudanganya ili afanane na mtu ambaye ubalozi unamwamini, akigundulika rekodi yake inachafuka kwa miaka, na ofisa anapata sababu mpya ya kuwashuku wanaomfuata. Nalaani udanganyifu huo bila masharti. Nasema tu kwamba soko lake limejengwa na orodha ya vielelezo isiyolingana na maisha ya watu.

Wapo watakaosema kwamba kuna wenzetu wanaokwenda kwa viza ya matembezi na hawarudi. Ni kweli, na ni haki ofisa akiwa mwangalifu. Lakini hoja hiyo inadai kipimo kizuri zaidi, haitetei hiki kilichopo. Dalili bora ya kwamba mtu atarudi ni kwamba amewahi kwenda akarudi, na Ulaya yenyewe inalikubali hilo: tangu mabadiliko ya Kanuni yaliyoanza kutumika Februari 2020, aliyetumia viza zake vizuri anastahili kupewa za muda mrefu zaidi, hatua kwa hatua. Sasa wafanyabiashara wetu wamekwenda Guangzhou na Dubai mara nyingi na kurudi kila mara, na mihuri imo kwenye pasipoti. Mwongozo wa maofisa wa Uingereza unasema historia ya safari ni ishara nzuri, kisha unatoa mifano ya Marekani, Kanada, Australia, nchi za Schengen na nyingine za aina hiyo. Guangzhou na Dubai hazimo katika mifano hiyo. Aliyerudi kutoka China amerudi nyumbani kama aliyerudi kutoka Kanada.

Hoja ya pili, ya wanaopinga miamala ya simu kukubaliwa kama kielelezo, ni kwamba ni rahisi kughushi. Taarifa ya benki nayo hughushiwa, na barua ya ajira ni rahisi kuliko vyote viwili. Miamala midogo midogo ya miaka miwili, ya kulipa mzigo, ada ya shule na umeme, iliyotolewa na kampuni ya simu yenyewe, ni kazi ngumu kuitunga. Wengine watasema basi watu wasajili biashara zao na kupima viwanja vyao. Nakubali, na hapo lawama ni yetu. Mwaka 2018 serikali yetu ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, ikawatambua rasmi watu ambao hawakuwa na karatasi yoyote ya kazi. Utambuzi wa namna hiyo ungeendelezwa, ukaunganishwa na namba ya mlipakodi (TIN) na kumbukumbu za mapato, ungekuwa kielelezo ambacho ubalozi wowote unaweza kukihakiki.

Hoja inayonisikitisha zaidi ni ya wale wanaosema kwamba hizo ni sheria za wenyewe, sisi tutafanya nini. Viza ni jambo la mazungumzo kati ya serikali. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliwapandishia raia wa Gambia ada hadi euro 120, kwa sababu serikali yao haikushirikiana vya kutosha kuwapokea waliorudishwa, na mwaka 2024 ukaiondoa adhabu hiyo baada ya ushirikiano kuboreka. Kama upande mmoja unatumia viza kudai unachokitaka, upande wa pili nao una la kudai. Wala hatuhitaji kusubiri sheria mpya Brussels. Kanuni ileile inawataka maofisa wa balozi za Schengen walioko katika mji mmoja wakae pamoja na kuangalia vielelezo kwa kuzingatia mazingira ya mahali walipo. Wizara yetu ya Mambo ya Nje iwaandikie wale wa Dar es Salaam, ikiwa na majina ya karatasi mkononi: taarifa ya miamala ya simu, leseni ya biashara, hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mihuri ya safari za Guangzhou na Dubai.