Mume mgeni, mke raia: Ndoa isiyofungua mlango wa makazi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya usemi huo ni kwamba mtu akikaa nawe muda wa kutosha hukoma kuwa mgeni. Hupewa kazi, hupewa wajibu, akahesabiwa miongoni mwa wenyeji.

Sheria za Tanzania kuhusu uraia na uhamiaji, hata hivyo, haziutazami ugeni kwa jicho hilo. Zinamtambua mgeni aliyeolewa na Mtanzania na kumwekea njia ya kuwa raia. Mgeni aliyemwoa Mtanzania zinamwacha nje, hata kama amekaa miaka kumi, amezaa na kulea watoto wa taifa hili.

Suala hili linaweza kuonekana la watu wa Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar, ambako watalii na wageni wa kigeni ni wengi. Lakini Mkoa wa Simiyu haumo tena pembezoni kama ilivyokuwa zamani. Tangu ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu ya Shinyanga na sehemu ya Mwanza, mkoa huu wa wilaya tano za Bariadi, Itilima, Busega, Maswa na Meatu umekua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497.

Wageni nao wameongezeka. Mji wa Lamadi, wilayani Busega, uko katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi mpaka wa Sirari, na wafanyabiashara wa Kenya hupita hapo kila siku. Hifadhi ya Serengeti iko jirani. Maonyesho ya Nanenane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia mwaka 2018. Tangu mwaka 2021, ujenzi wa reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kinachopita Malampaka wilayani Maswa, umeleta mafundi na wahandisi kutoka nje. Na penye watu, mapenzi hayakosekani. Penye mapenzi, hufuata ndoa.

Mfano wa Somanda

Tuchukue mfano wa kufikirika, lakini ambao mkazi wa Bariadi hataona taabu kuuelewa. Kijana wa kigeni anaingia nchini kwa viza ya utalii ya siku 90. Anafika Bariadi kumtembelea rafiki, anakutana na binti wa Somanda, na wazazi wa pande zote mbili wanakubali. Mahari inatolewa na harusi inapangwa.

Je, mgeni anaweza kuoa akiwa matembezini? Jibu ni ndiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimkatazi asiye raia kufunga ndoa hapa nchini, mradi masharti yafuatwe, likiwamo la kutoa taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla. Ndoa inaweza kuwa ya kidini, ya kiserikali au ya kimila.

Hapa pana tahadhari ya kwanza kwa wakazi wa vijijini. Ndoa ya kimila ni halali, lakini wenyewe mara nyingi huridhika na ng'ombe waliokabidhiwa na mashahidi waliokula pilau. Ofisa wa Uhamiaji hawezi kuweka ng'ombe kwenye jalada. Anachotaka ni cheti. Wanandoa wasioisajili ndoa yao katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye ndiye msajili kwa niaba ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), hujikuta hawana karatasi ya kuanzia safari yao.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Cheti cha ndoa hakisimamishi saa ya viza. Siku ya 90 ikifika, bwana harusi ni mtalii ambaye muda wake umekwisha, na akiendelea kukaa bila kibali kingine anatenda kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Anaweza kushitakiwa, kutozwa faini na kuondolewa nchini, akamwacha mkewe na pete kidoleni.

Hakuna makazi ya kudumu

Wengi wetu tumezoea habari za Marekani, ambako Mtanzania aliyeingia kihalali kwa matembezi akioana na raia anaweza kuomba makazi ya kudumu akiwa huko huko. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, hupewa kadi ya masharti kwanza, na baadaye wanandoa hutakiwa kuthibitisha kwamba ndoa yao si ya kughushi. Haijalishi kama mwombaji ni mume au mke.

Tanzania haina utaratibu wa namna hiyo kwa wenzi wa raia. Kilichopo ni vibali vya ukaazi vyenye tarehe ya mwisho, vilivyogawanywa katika madaraja matatu. Daraja A ni la anayejiajiri au kuwekeza. Daraja B ni la aliyeajiriwa. Daraja C ni la wengineo, kama wamisionari, watafiti na wanafunzi. Mume wa raia hana daraja lake katika orodha hii.

Anaweza kukaa kama mtegemezi wa mkewe, lakini hati hiyo peke yake haimruhusu kufanya kazi. Akitaka kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayomtaka mwajiri aonyeshe kwamba Mtanzania mwenye sifa hizo hakupatikana. Mbele ya sheria hiyo, baba wa watoto watatu wa Kitanzania hana tofauti na mhandisi aliyekuja na mkataba wa miaka miwili.

Akigeukia kilimo, mambo hayawi mepesi. Simiyu ni mkoa wa pamba, na maisha ya familia nyingi husimama juu ya shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo shamba litakuwa la mke, nyumba itakuwa ya mke, na mume atalima kwa hisani. Jembe la wahenga, mgeni huyu hapewi kabisa.

Mlango wa mke na ukuta wa mume

Sasa tugeuze mfano wetu. Mgeni awe mwanamke, na mwenyeji awe kijana wa Somanda. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki, wakati wowote mumewe akiwa hai, ya kuomba na kupewa uraia wa tajnisi. Sheria haikutaja miaka ya kusubiri.

Kwa mume mgeni hakuna kifungu cha namna hiyo. Yeye hupita njia ile ile ya mgeni yeyote ambaye hana hata shangazi hapa nchini. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, awe amechangia maendeleo ya taifa na anaweza kuendelea kuchangia, na awe na nia ya kuishi hapa daima. Kwa hesabu ya chini kabisa ni miaka minane, na katika miaka yote hiyo lazima awe na kibali kimoja au kingine mfukoni. Mwisho wa yote uamuzi ni wa Waziri, ambaye sheria haimlazimishi kutoa sababu.

Swali la kujiuliza ni hili: nani anayeadhibiwa hapa? Wengi watajibu ni mgeni. Lakini ukitazama kwa makini, anayebanwa ni Mtanzania. Kaka na dada waliozaliwa nyumba moja pale Somanda, wakasoma shule moja na kupiga kura kituo kimoja, kila mmoja akioana na mgeni, hawana haki sawa. Kaka anaweza kumfanya mwenzi wake kuwa raia. Dada hawezi. Tofauti yao ni jinsia tu.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi. Mabadiliko ya mwaka 2000 yaliingiza jinsia katika tafsiri ya ubaguzi huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unataka wanawake wawe na haki sawa na wanaume katika masuala ya uraia.

Tuwe wakweli pia kwamba sheria ya mwaka 1995 ilipiga hatua katika eneo jingine. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi anaweza kurithi uraia kwa baba au kwa mama. Ndiyo maana hali ya leo inashangaza: mama wa Bariadi anaweza kumrithisha mwanawe uraia, lakini hawezi kumfungulia mlango baba wa mtoto huyo huyo.

Hata mlango wa mke una kizingiti

Isidhaniwe kwamba mwanamke mgeni amepata kila kitu. Kwanza, Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo ni lazima aukane uraia wake wa kuzaliwa. Kwa mwanamke wa Kenya, ambaye katiba ya nchi yake ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, huo ni uamuzi mzito. Hakuna ngazi ya katikati: ama awe raia kamili, ama abaki na vibali vya muda.

Pili, maneno "wakati mumewe akiwa hai" yana makali. Mwanamke aliyeahirisha kuomba kwa sababu ya ada, umbali au kutojua, mumewe akifariki, njia hiyo hufungwa. Mjane huyo mwenye watoto na kaburi la mumewe Meatu hurudishwa kwenye foleni ya wageni wote.

Hofu ya ndoa za bandia

Watetezi wa utaratibu uliopo wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema wageni wenye nia mbaya wataoa mabinti zetu ili wapate ardhi na biashara, kisha wawatelekeze. Ndoa za namna hiyo zipo duniani kote.

Lakini hoja hiyo inaangukia pabaya. Kama hofu ni ndoa za bandia, basi kifungu kinachompa mke haki ya kuomba bila kutaja muda wa ndoa ndicho kilicho wazi zaidi kuchezewa. Dawa ya ndoa ya bandia ni muda na uchunguzi, wala si jinsia ya mwombaji.

Majirani zetu wameliona hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu yeyote, mume au mke, aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba, haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Kabla ya hapo, sheria yao ya mwaka 2011 inamruhusu mwenzi wa raia kuomba makazi ya kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Uganda nayo katika katiba yake haitofautishi mume na mke.

Sheria yetu imetoka wapi basi? Mtazamo wake ni wa kikoloni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1948 ilimpa mke mgeni haki ya kuandikishwa na kumnyima mume, kwa imani kwamba mke hufuata nchi ya mumewe. Waingereza wenyewe waliifuta tofauti hiyo kwa sheria ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Miaka kumi na miwili baadaye Bunge letu likapitisha sheria yenye tofauti ile ile. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa Andrew Chenge, ambaye baadaye aliiwakilisha Bariadi bungeni.

Kinachowezekana

Serikali imekwisha kuonyesha kwamba ngazi ya katikati, kati ya uraia na ugeni, inawezekana. Mwaka 2024 ilipeleka bungeni mapendekezo ya kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapate hadhi maalumu. Kama mantiki hiyo inafaa kwa Mtanzania aliyeondoka, kwa nini isifae kwa mume au mke wa Mtanzania aliyebaki?

Bunge halihitaji kubuni jambo jipya. Kibali cha makazi kwa mwenzi wa raia, mume au mke, baada ya miaka kadhaa ya ndoa iliyochunguzwa, chenye ruhusa ya kufanya kazi, na kisichokufa siku anapokufa raia huyo, kingetosha kuondoa sehemu kubwa ya adha hii. Kifungu cha 11 nacho kingesomeka "mtu" mahali pa "mwanamke".

Hadi hapo itakapokuwa hivyo, wanaokusudia kuoana na wageni wafanye mambo matatu: wasajili ndoa na kuchukua cheti, wafike Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa kabla viza haijaisha, na mwanamke mgeni anayetaka uraia asiahirishe kuomba.

Na kwa waheshimiwa wabunge wa Simiyu, yule binti wa Somanda ni mpiga kura wenu. Mumewe amekwisha kumaliza siku mbili za ugeni. Ni wajibu wenu kuiuliza Serikali jembe lake liko wapi.