Vita vya Chungu Katika Shamba la Minazi

Katika Matuga, toka Ng'ombeni na Waa hata Tiwi, mnazi ni mali ya mtu na urithi wa watoto wake. Nazi hutiwa chunguni, dafu hunywewa, makuti huezekwa, kumbi husokotwa kamba, na vifuu huwa kuni. Kwa hiyo mwenye shamba aonapo vidaka vimetapakaa chini ya mnazi asubuhi, moyo wake huingia mashaka. Huyu hulaumu jua, yule hulaumu mchanga uliochoka, na wa tatu hushuku jicho la jirani.

Ni kweli kwamba mnazi wenyewe huangusha baadhi ya vidaka vyake, hasa wakati wa ukavu. Walakini vikianguka kwa wingi, na vile vilivyosalia juu vikawa na makovu na utomvu uliokauka kama gundi, hapana budi kutafuta sababu nyingine. Sababu hiyo aghalabu ni mdudu, na nyuma ya mdudu huyo kuna vita vya chungu.

Mdudu mwenyewe ni wa jamii ya kunguni, mwembamba, wa rangi ya hudhurungi, mwenye mabawa. Si chonga, ambaye hutoboa moyo wa mnazi na kuacha tundu lionekanalo na kila mtu. Kunguni wa minazi huchoma maua na vidaka kwa mdomo uliochongoka kama sindano, akanyonya. Mate yake yana sumu. Mahali alipochoma hufa, na kidaka huanguka kabla hakijawa kitale. Wala si lazima wawe wengi. Wachache tu juu ya mnazi mmoja watosha kuharibu mavuno yake.

Habari za kunguni huyu zilifumbuliwa Unguja. Bwana M. J. Way, mtaalamu wa wadudu aliyefanya uchunguzi huko, alitangaza matokeo ya kazi yake mwaka 1951 na mwaka 1953. Na mwaka 1955 mdudu akapewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima yake. Jambo kubwa aliloonyesha ni hili: minazi iliyokaliwa na maji moto huzaa vyema, na ile isiyo na maji moto hupoteza vidaka vyake.

Maji moto wanajulikana na kila mkwezi, maana wameitwa hivyo kwa sababu ya uchungu wa kuumwa nao. Hushikana miguu kwa viuno wakavuta majani mpaka yakakutana, kisha huwachukua watoto wao wachanga wenye kutoa uzi kama hariri, wakayashona. Kundi moja huwa na viota vingi katika miti mingi, lakini malkia wao hukaa katika kimoja tu. Katika Unguja ilionekana kwamba kundi moja kubwa laweza kuwa na chungu karibu nusu milioni. Jeshi hilo hupanda na kushuka mchana na usiku likiwinda, na kunguni wa minazi hapati nafasi ya kukaa wala ya kulea watoto wake.

Basi kwa nini maji moto hawakai katika kila shamba? Kwa sababu wana mshindani. Naye ni sisimizi mdogo wa hudhurungi ambaye hujenga ardhini, na ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili yao. Kwa kitaalamu huitwa Pheidole megacephala. Huyu ni mdogo mno kuliko maji moto, lakini kundi lake lina malkia wengi, na ushindi wake ni wa wingi. Hupanda mnazi kwa maelfu, huwazonga maji moto, na mwisho huwatoa katika mti. Akiisha kuumiliki, hamsumbui kunguni hata kidogo. Mwenye shamba huona chungu juu ya mnazi akadhani analindwa, kumbe mlinzi amekwisha fukuzwa.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika shamba lenye majani chini, fahali hawa wawili huweza kukaa. Uchunguzi uliofanywa katika michungwa nchini Tanzania, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mahali ambapo majani yaliachwa yaote, sisimizi walipata chakula chao huko chini na maji moto wakabaki na miti. Ni kama nyumba ya orofa, kila mpangaji na sakafu yake. Majani yalipoondolewa, sisimizi walikosa riziki ya chini wakapanda juu, na vita vikaanza.

Hapa ndipo jembe la mkulima linapoingia katika vita hivyo bila ya yeye kujua. Shamba lililopalizwa likawa jeupe kama uwanja, au lililochomwa moto, hupendeza macho na humpa mwenyewe sifa ya bidii. Walakini usafi uliozidi humpa nguvu adui. Tena wako wachomao viota vya maji moto kwa makusudi, kwa kuwa wakwezi wanakataa kupanda au wanadai ujira zaidi. Tabu ya mkwezi ni ya kweli wala si ya kuchekwa. Lakini nazi zinazopotea baada ya hapo haziandikwi katika hesabu ya mtu yeyote.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo madogo ya wadudu tu. Sisimizi huyo huyo wa kichwa kikubwa ameingia Laikipia, katika nchi ya migunga. Huko kuna chungu wengine wakaao katika miiba ya migunga na kuwauma ndovu wanaotaka kuila. Sisimizi aliwaua chungu hao, ndovu wakaivunja miti bila hofu, nchi ikawa wazi, na simba wakakosa mahali pa kuwavizia punda milia. Watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba simba wa huko sasa huwinda nyati zaidi kuliko zamani. Chungu mmoja amebadili chakula cha simba.

Mkulima wa Matuga aweza kufanya nini? Kwanza, apalilie duara kuzunguka shina la kila mnazi, hasa michanga, kwa kuwa majani nayo hushindana na mizizi kwa maji. Sehemu iliyobaki aifyeke tu, asiichome wala asiilime yote ikawa tupu. Pili, apande miti ya majani mapana katikati ya minazi, kama michungwa, miembe na mistafeli, maana maji moto hupata huko majani mepesi ya kushona. Tatu, akitaka kuwahamisha maji moto kutoka mti mwingine, viota vyote vitoke katika kundi moja. Makundi mawili yakikutana huuana. Nne, asinyunyize dawa ya kuua wadudu ovyo, kwa sababu dawa haimchagui adui ikamwacha mlinzi. Na wakwezi waweza kujipaka majivu mikononi na miguuni, ambayo huwazuia chungu kushika.

Maji moto nao wana ila zao. Hufuga wadudu wadogo wanyonyao utomvu wa mimea, ili wapate maji matamu kwao, kama mtu afugavyo mbuzi wa maziwa. Hasara hiyo ipo, lakini katika mnazi ni ndogo ikilinganishwa na ya kunguni.

Kwa hiyo, kabla ya kutia moto shambani au kumlaumu jirani, yafaa mwenye shamba aokote vidaka vilivyoanguka na kuvitazama kama vina makovu na utomvu. Kisha ainue macho atazame majani ya mnazi wake. Akiviona viota vilivyoshonwa, aviache.