Mgeni Naye ni Mwanafunzi: Tuliyojifunza Chicago

Hapana mkufunzi wa mbinu za kufundisha asiyewaambia wanachuo wake kwamba mwalimu hana budi kuanzia pale alipo mwanafunzi. Aanze na lijulikanalo ndipo aende kwenye lisilojulikana. Aanze na jepesi ndipo afikie gumu. Maneno haya tumeyasema miaka mingi, na wanachuo wameyaandika katika mitihani yao wakapata alama. Lakini yafaa tukiri kuwa sisi wenyewe hatukuyaelewa barabara mpaka siku tulipogeuzwa kuwa wanafunzi tena, tena wanafunzi wasiojua hata namna ya kuvuka barabara. Makala haya yana nia ya kueleza jinsi tulivyofundishwa kuishi katika mji mkubwa wa kigeni, na kutoa rai juu ya yale ambayo vyuo vyetu vingepaswa kuyafanya.

Mwaka 1961 Marekani ilitunga sheria ya mabadilishano ya elimu na utamaduni, nayo ndiyo msingi wa mpango wa wageni wa mabadilishano waingiao nchini humo kwa viza iitwayo J-1. Chini ya mpango huo huenda wanafunzi, watafiti, madaktari na walimu. Kwa miaka mingi walimu kutoka Kenya na Tanzania wamekwenda kwa njia hiyo kusaidia kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko. Sisi tulikuwa watatu, wawili kutoka Tanzania na mmoja kutoka Kenya. Tulifika Chicago mwezi wa Agosti mwaka 2018, kila mmoja na chuo chake, tukapanga nyumba moja ili tugawane kodi.

Siku chache baada ya kufika, mmoja wetu aliitwa pamoja na wageni wengine katika ukumbi, wakapewa maelezo kwa muda wa saa mbili. Waliambiwa waitunze hati iitwayo DS-2019 kama watunzavyo pasipoti. Wakihama nyumba watoe taarifa katika muda wa siku kumi. Bima ya afya ni sharti la viza wala si hiari. Na anayetaka nambari ya Hifadhi ya Jamii angoje siku kadhaa mpaka kumbukumbu ya kuingia kwake nchini ionekane katika mitambo ya serikali. Kisha kila mmoja alikabidhiwa bahasha nene ya karatasi. Msemaji aliuliza kama kuna swali. Ukumbi mzima ulinyamaza, naye akashukuru na kuondoka.

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na yote yalikuwa na faida. Hata hivyo mwenzetu alirudi nyumbani akiwa hakumbuki hata nusu yake, na siku ya tatu alifunga safari kwenda kuomba ile nambari, akarudishwa kwa kuwa alikwenda mapema mno. Hatumlaumu msemaji yule. Tulipotafakari tulitambua kwamba tumewahi kufundisha vivyo hivyo mara nyingi: tumemwaga somo lote kwa mkupuo mmoja, tumeuliza kama kuna swali, na ukimya wa darasa tumeuhesabu kuwa ni dalili ya kuelewa.

Tofauti kati ya kujua na kuzoea ilituonekea katika mambo madogo ya kila siku. Tulijua tangu shuleni kwamba Wamarekani huendesha magari upande wa kulia. Lakini shingo ilikuwa imezoea kutazama kulia kwanza, na mara mbili tulivutwa mkono na wapita njia kabla ya kugongwa. Tulijua kwamba wao hutaja mwezi kabla ya siku, lakini mkono uliandika tarehe 5 Septemba kama tuandikavyo kwetu, na kwenye fomu ikasomeka kuwa ni tarehe 9 Mei. Dukani bei iliyobandikwa kwenye bidhaa siyo iliyolipwa, kwa maana kodi ya mauzo huongezwa mtu anapofika kwa mkusanya fedha, na wakati huo ilikuwa asilimia 10.25 kwa bidhaa nyingi. Mambo kama hayo hayaondolewi na mhadhara. Huondolewa na mazoezi, tena mazoezi ya kurudiarudia chini ya macho ya mtu anayejua.

Mtu huyo tulimpata kwa bahati. Alikuwa mzee mmoja jirani yetu, dereva mstaafu wa mabasi, ambaye hakuwahi kusomea ualimu. Alipotuona tumesimama kituoni na ramani, hatujui tuelekee wapi, hakutupa maelezo marefu. Alituuliza kwanza kama tunajua ziwa liko upande gani. Tulijibu kuwa liko mashariki, kwani Ziwa Michigan tulikuwa tumekwisha kuliona. Basi, akasema, hapo ndipo pa kuanzia. Jumamosi iliyofuata alitupeleka katikati ya jiji mpaka pale zinapokutana barabara za State na Madison, akatueleza kwamba pale ndipo penye sifuri. Nambari zote za nyumba za Chicago huhesabiwa kutoka kwenye pembe hiyo kwenda kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kwa utaratibu ulioanza kutumika mwaka 1909. Upande wa kaskazini kila nambari 800 ni mwendo wa maili moja. Nambari shufwa huwa upande wa kaskazini na wa magharibi wa barabara, na nambari witiri huwa upande wa pili.

Kisha akatupa jaribio. Nyumba iliyoko 2400 Kaskazini iko umbali gani kutoka hapa tulipo? Tuligawanya, tukajibu kuwa ni maili tatu. Hakusema kwamba tumepata wala kwamba tumekosa. Alitupandisha treni ipitayo juu ya nguzo, tukateremka barabara ya Fullerton, akatuonyesha kibao. Kilikuwa kimeandikwa 2400. Tangu siku hiyo hatukupotea tena katika jiji lile, na yapata saa tatu tu zilikuwa zimetumika. Walimu watatu wenye vyeti tulifundishwa na dereva wa basi kanuni zilezile tulizokuwa tukizihubiri: alianza na tunalolijua, akatupeleka kwenye kitu chenyewe, akatupa zoezi, na jibu akaacha tulione kwa macho yetu.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwezi wa Novemba baridi iliingia, na mabomba ya kupasha moto chumba cha mmoja wetu yalikuwa vuguvugu tu. Kwa muda wa majuma matatu alilala na koti na soksi mbili, akapata kikohozi, na asubuhi aliingia darasani akitetemeka. Tulipomwuliza kwa nini hamwambii mwenye nyumba, alijibu kwamba huenda ndivyo Wamarekani waishivyo wakati wa baridi, na kwamba si adabu mgeni kulalamikia nyumba ya watu. Nasi wenzake tuliona kuwa amesema neno la busara.

Mzee wetu aliposikia kikohozi kile aliuliza, akaambiwa, akakasirika. Ndipo tulipojua kwamba sheria ya jiji la Chicago humlazimisha mwenye nyumba, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 1 Juni, kuhakikisha kwamba joto la ndani halipungui nyuzi 68 za Farenhaiti mchana na 66 usiku, yaani kama nyuzi 20 na 19 za Selsiasi. Mpangaji asiyepata joto hilo huweza kupiga simu nambari 311 na kulishitakia jiji. Hatukuhitaji kupiga. Mwenye nyumba alipoambiwa kwa upole kwamba sheria hiyo tunaijua, fundi alifika siku ya pili yake. Majuma matatu ya mateso yaliondolewa kwa sentensi moja. Sentensi hiyo haikuwamo katika ile bahasha nene, na hata kama ingalikuwamo, hatudhani kuwa mwenzetu angalithubutu kuitumia, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mgeni naye ana ruhusa ya kuuliza.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika miezi miwili baadaye. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Chicago kilishuka mpaka nyuzi 23 chini ya sifuri za Farenhaiti, ambazo ni zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri za Selsiasi. Shule za umma za jiji zilifungwa siku hiyo na ya pili yake. Kwenye njia za reli miali ya moto iliwashwa kando ya vyuma ili sehemu za kubadilishia njia zisigande. Katika baridi ya namna hiyo ngozi iliyoachwa wazi huharibika kwa dakika chache, na chumba kisicho na joto si usumbufu tena bali ni hatari ya maisha. Tuliikaa siku ile ndani, katika nyumba yenye joto, na kila mmoja alijua angalikuwa katika hali gani kama angalinyamaza.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya kuwadekeza watu wazima. Aliyepewa nafasi ya kwenda ng'ambo, watasema, ana akili ya kujifunza mwenyewe, na mwalimu aliye bora ni dunia. Hatukatai kwamba dunia hufundisha. Lakini karo yake ni kubwa, na aghalabu huidai kabla ya somo kwisha. Tusingemruhusu mwanachuo ajifunze umeme kwa kushika waya. Isitoshe, mwalimu anayetumia nusu mwaka kuhangaika na makazi, fomu na njia, ilhali muda wake wote ni miezi tisa au kumi, ameibiwa sehemu kubwa ya kile alichotumwa kukifanya. Hasara hiyo huwapata pia wanafunzi wake wa huko, pamoja na chuo kinachomngojea arudi.

Tena suala hili haliwahusu wasafiri peke yao. Kila mwaka katika shule zetu za bweni huletwa watoto wa kidato cha kwanza ambao hawajapata kulala nje ya nyumba za wazazi wao. Tunawakusanya uwanjani, tunawasomea kanuni 40, tunauliza kama kuna swali, tunawatawanya. Mtoto hajui maji huchotwa wapi, hajui amwambie nani akiumwa usiku, hajui kama anaruhusiwa kusema kwamba godoro lake limechukuliwa. Ananyamaza kama alivyonyamaza mwenzetu, nasi tunamsifu kuwa ni mtoto mtulivu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini ni nani kati yetu aliyemfundisha mtoto wa siku ya kwanza namna ya kuuliza?

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila chuo chenye walimu wanaojiandaa kwenda ng'ambo kiweke vipindi vya maandalizi, navyo vifundishwe na waliokwisha kwenda na kurudi. Vipindi hivyo viwe na andalio la somo kama vipindi vingine. Wanaoondoka wajaze fomu zenye tarehe za kigeni kwa mikono yao, wasome mkataba wa kupanga nyumba, na wafanye igizo la mpangaji anayemwambia mwenye nyumba kwamba chumba hakina joto. Igizo hilo la mwisho lisiachwe, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote.

Pili, kila mgeni apatiwe mwenyeji mmoja wa kutembea naye katika juma la kwanza, na vivyo hivyo kila mwanafunzi mpya wa shule zetu apewe mwenzake wa darasa la juu. Kazi ya mwenyeji huyo isiwe kusema tu. Awe wa kwenda naye, kuonyesha, kumwacha ajaribu, na kumrudia kesho kuona kama ameweza.

Tatu, waliorudi wasinyamaze. Kwa wageni wanaogharimiwa na serikali, masharti ya viza yao kwa kawaida huwataka wakae kwao jumla ya miaka miwili kabla ya kuweza kuomba ukaazi wa kudumu wa Marekani. Wengi huliona sharti hili kama kifungo. Sisi twaona kwamba ni muda wa kutosha kuyaandika waliyoyaona, kuyafundisha, na kumwandaa anayefuata.

Mzee yule wa Chicago alituaga uwanja wa ndege mwezi wa Mei. Tulimwuliza tumlipe nini kwa wema wake. Alisema kwamba alipohamia jijini akiwa kijana, kutoka mashamba ya kusini, kulikuwa na mtu aliyempeleka mpaka kwenye pembe ile ya State na Madison, na kwamba kwetu nako bila shaka wapo wanaofika mahali wasipopajua. Muhula mpya unakaribia. Siku ya kwanza malangoni mwa shule zetu watasimama watoto na masanduku yao, na ingefaa kila mwalimu asomaye makala haya amchague mmoja wao, atembee naye.