UCHAMBUZI: Somo la tarakilishi lipangwe kwa vifaa vilivyopo, si vilivyoahidiwa

ENEOBUNGE la Ainabkoi katika Kaunti ya Uasin Gishu lina wadi tatu pekee, lakini tofauti zilizomo baina yake ni kubwa. Wadi ya Kapsoya imo ndani ya Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Wadi ya Kaptagat inafahamika kwa msitu wake na kwa kambi za wanariadha. Wadi ya Ainabkoi/Olare nayo imo katika nyanda za juu zenye baridi kali, ambako riziki hutokana na viazi, mahindi na maziwa.

Mtoto wa Kapsoya anaweza kutoka shuleni jioni akapita saiba, au akamkuta nduguye nyumbani na kipakatalishi. Mwenzake wa Olare aghalabu hutegemea simu ya mzazi, nayo huenda haina chaji au haina data. Hata hivyo wote wawili wanasoma Mtaala wa Umilisi na Utendaji (CBC), na mwishoni mwa Gredi ya 9 wanaketi mtihani mmoja wa KJSEA.

Mtihani huo, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, si jambo la mzaha. Huchangia asilimia 60 ya alama zinazoamua mkondo ambao mwanafunzi atafuata katika sekondari pevu. Asilimia 20 hutoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 nyingine kwa mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6. Mtoto aliyefundishwa tarakilishi kwa kuchorewa kibodi ubaoni huenda akauogopa mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM) kabla ya kujua kama ana kipawa chake.

Kwa zaidi ya mwongo mmoja, mjadala kuhusu tatizo hili umetawaliwa na swali moja: serikali italeta vifaa vingapi? Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: mwalimu atakayeingia darasani kesho asubuhi afanye nini na vile vilivyopo?

Historia inaeleza jinsi swali la kwanza lilivyolifunika la pili. Katika kampeni za mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kumpa kila mtoto wa Darasa la Kwanza kipakatalishi. Zabuni ya kwanza iliishia katika mizozo na kufutiliwa mbali. Mradi ulipoanza mwaka 2016, vipakatalishi vya watoto vilikuwa vimegeuka vishikwambi. Kazi hiyo ilipewa miungano miwili: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pamoja na kampuni ya Positivo BGH, na Chuo Kikuu cha Moi, chenye makao makuu Kesses katika kaunti hii hii ya Uasin Gishu, pamoja na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno.

Mgala muue na haki umpe. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika zaidi ya shule 21,000 za msingi za umma. Mbali na vishikwambi vya wanafunzi, shule zilipewa vipakatalishi vya walimu, projekta, na seva ya kuhifadhia masomo ili yaweze kutumika hata pasipo intaneti. Umeme nao ulifikishwa katika shule nyingi zilizokuwa gizani.

Lakini vishikwambi hivyo vilinuiwa watoto wa madarasa ya chini. Mnamo Januari 2023, Gredi ya 7 ilianzishwa katika boma lile lile la shule ya msingi, pamoja na masomo yanayohitaji tarakilishi. Baadaye masomo ya sekondari ya msingi yalipopunguzwa hadi tisa, sayansi ya tarakilishi iliingizwa katika somo la Mafunzo ya Awali ya Kiufundi. Mwalimu wa somo hilo hurithi alichokikuta kabatini, na kishikwambi kilichofika mwaka 2017 kina betri ya mwaka 2017.

Je, ingekuwaje lau kila mtoto angepewa chake? Ushahidi uliopo unatahadharisha. Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kuinua usomaji katika madarasa ya chini: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vya kielektroniki, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi maafisa wanaowatembelea walimu na kuwaelekeza. Njia zote tatu ziliinua usomaji, lakini hapakuwa na tofauti kubwa baina yazo. Njia ya kumpa kila mtoto kifaa, ambayo gharama yake ni kubwa zaidi, haikuwaacha nyuma walimu waliofundisha kwa vitabu huku wakisaidiwa na afisa mwenye kishikwambi kimoja.

Nchini Peru, uchunguzi wa shule 319 za mashambani, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba vipakatalishi vilivyogawiwa watoto havikuinua alama za hisabati wala za lugha. Funzo la nchi hizo mbili ni kwamba kifaa hufuata somo. Pasipo somo lililopangwa vyema, hata vifaa vingi huwa ni pambo.

Ndiposa andalio la somo linafaa kuanza kwa mwalimu kujiuliza shule yake iko katika ngazi gani. Kwa jumla, ngazi hizo ni nne.

Ngazi ya kwanza ni ya darasa lisilo na kifaa chochote, au ambalo umeme umepotea siku hiyo. Tangu miaka ya tisini, wataalamu wakiongozwa na Tim Bell wa New Zealand wamekuwa wakifundisha misingi ya tarakilishi bila tarakilishi. Wanafunzi watano husimama mbele ya darasa na kadi zenye vitone 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi inayoonekana husomwa moja, iliyofunikwa husomwa sifuri. Darasa likitakiwa kuandika 19, kadi za 16, 2 na 1 huonyeshwa, na jibu huwa 10011. Mtoto aliyefanya hivyo ameelewa jinsi tarakilishi inavyoweka namba kuliko aliyekariri maelezo.

Katika Ainabkoi hata viazi vinatosha. Mwalimu huweka viazi vinane mezani pamoja na mizani, na sharti moja tu: viwili pekee ndivyo vinavyolinganishwa kwa wakati mmoja. Wanafunzi wanatakiwa kuvipanga kuanzia chepesi hadi kizito kwa kutumia mizani mara chache iwezekanavyo. Hiyo ndiyo kazi ambayo programu za tarakilishi hufanya zinapopanga majina au alama.

Ngazi ya pili ni ya kipakatalishi kimoja cha mwalimu, na projekta ikiwa ingali hai. Hatari ya ngazi hii ni mwalimu kugeuka mwendesha sinema. Dawa yake ni kulifanya darasa litangulie mashine. Wanafunzi huandika daftarini lita za maziwa zilizokamuliwa nyumbani kwa juma zima, hukokotoa jumla na wastani kwa kalamu, kisha hubashiri mchoro utakavyokuwa. Baada ya hapo ndipo mwalimu huingiza takwimu katika lahajedwali. Jibu la mashine likipingana na la daftari, mjadala wa kutafuta kosa lilipotokea ndio somo lenyewe.

Ngazi ya tatu ndiyo ngumu zaidi: vifaa vichache kwa darasa kubwa. Kipindi cha sekondari ya msingi ni cha dakika 40. Wanafunzi watano wakigawana kishikwambi kimoja, kila mmoja hupata dakika nane, na kwa dakika 32 huwa mtazamaji. Mwalimu aliyepanga huwapa wawili kishikwambi huku watatu wakitayarisha data au mchoro karatasini, kisha wakabadilishana. Asiyepanga huwaacha wote watano waking'ang'ania kioo kimoja.

Katika kung'ang'ania huko, mwenye tarakilishi nyumbani ndiye hushika kibodi, na asiyewahi kuigusa huketi nyuma. Hivyo basi, kifaa kilicholetwa kupunguza pengo hulipanua. Kanuni moja nyepesi huzuia hayo: anayejua hueleza kwa mdomo, asiyejua ndiye hubonyeza. Wa kwanza hujifunza kufafanua, wa pili hujifunza kutenda.

Ngazi ya nne ni ya shule yenye maabara na intaneti. Hii nayo haistahili kupewa somo la viazi na kuambiwa hiyo ndiyo haki. Wanafunzi wake wanafaa kuandika programu, kutafuta habari na kupima ukweli wake. Usawa haumaanishi kuwarudisha nyuma walio na uwezo. Maana yake ni kwamba lengo la somo liwe moja, na njia za kulifikia ziwe nyingi.

Jambo lililo nje ya lango la shule lina uzito uo huo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi, ni asilimia 10.4 pekee waliokuwa wakitumia tarakilishi, na asilimia 22.6 waliotumia intaneti. Waliomiliki simu walikuwa asilimia 47.3. Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni, na tofauti za nyumbani zikawa tofauti za elimu.

Licha ya hayo, kazi za ziada zinazomtaka mtoto achapishe picha au atafute habari mtandaoni zingali zinatolewa. Kwa mzazi wa Kapsoya hiyo ni shilingi chache katika saiba ya jirani. Kwa mzazi wa Olare ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya shamba iliyopotea. Kazi ya nyumbani isiyoweza kufanywa kwa daftari, kwa kuwahoji wazee au kwa kuchunguza mazingira inafaa kufanyiwa shuleni, ambako mwalimu anajua kilichopo.

Kuna wanaohofia kwamba kupanga somo kwa ngazi ni kuuzoea umaskini na kuipa serikali mwanya wa kukwepa wajibu wake. Hofu hiyo haikosi msingi. Serikali hutoa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na hakuna mwalimu mkuu atakayenunua betri mpya kwa fedha hizo baada ya kulipia chaki, maji na umeme.

Lakini mpango wa ngazi ndio unaoipa shule hoja ya kudai haki yake. Shule inayosema "hatuna vifaa" husahaulika upesi. Shule inayoonyesha vishikwambi vilivyo hai, vilivyokufa, na masomo yaliyokwama kwa ajili hiyo, huwa imeandika ombi ambalo kamati ya hazina ya eneobunge au Wizara ya Elimu haiwezi kulipuuza kwa urahisi.

Walimu nao hawawezi kuachiwa mzigo huu peke yao. KICD inaweza kuchapisha kwa kila mada ya tarakilishi njia moja ya kufundishia kwa kila ngazi, badala ya vitabu kuchukulia kwamba kila darasa lina vifaa tele. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) inaweza kumpima mwalimu kwa jinsi alivyotumia alichonacho. Maafisa wa mtaala wanaozuru shule wanaweza kubeba mifano ya masomo hayo kutoka Kaptagat hadi Olare. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji zabuni ya mabilioni.

Vifaa vinafaa kuendelea kudaiwa, na ahadi ya mwaka 2013 isisahaulike. Hata hivyo, mtoto aliyeingia Darasa la Kwanza ahadi hiyo ilipokuwa mbichi amekwisha kutoka shule ya msingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtoto aliye Gredi ya 7 leo huko Olare amebakiwa na miaka isiyotimia mitatu kabla ya kuketi mtihani mmoja na mwenzake wa Kapsoya.