Anayelala Sana Si Mvivu

Hosteli kwetu anayekesha na madesa ndiye shujaa, anayezimika saa tatu usiku anaambiwa, "Utadisko wewe!" Jamani, tuwaulize panya.

Mwaka 2016 timu ya Hiromasa Funato na Masashi Yanagisawa, Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, ilitoa matokeo ya kupima mawimbi ya ubongo ya panya zaidi ya 8,000, watoto wa madume waliopewa kemikali inayobadilisha jeni ovyo ovyo. Watafiti hawakubashiri jeni yoyote. Walisaka panya mwenye usingizi wa ajabu, kisha wakaufuatilia ukoo wake. Ukoo mmoja ulilala kupita kiasi: herufi moja tu ya DNA ilikuwa imebadilika kwenye jeni ya Sik3, na hitaji lenyewe la usingizi likapanda. Hapo uvivu uko wapi?

Najua binadamu si panya, na sidai kila anayesinzia lekcha ana jeni tofauti (wengine ni simu tu). Ila usingizi haupimi bidii ya mtu. Disikasheni za saa sita usiku zinawaacha nje wenzetu ambao miili yao inadai zaidi. Tuzihamishie saa kumi jioni.