Harambee ya Siku Moja Haimtoshi Mtoto Mwenye Ulemavu

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wakenya wamelithibitisha neno hilo tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Shule nyingi tunamosoma na kufundisha zilijengwa kwa shilingi za wakulima, wachuuzi na vibarua. Moyo huo wastahili sifa. Hata hivyo, panapohusika watoto wenye ulemavu wa viungo, namna yetu ya kuchanga ina kasoro mbili ambazo yafaa tuziseme wazi.

Kasoro ya kwanza ni kuwa twachanga mara moja tu. Watu hukutana uwanjani, mgeni wa heshima hutoa kitita, kiti cha magurudumu hununuliwa, makofi hupigwa na kila mtu hushika njia yake. Lakini mtoto hukua. Kiti kilichomfaa akiwa na miaka 7 humbana afikapo 10. Vyuma vya miguu huanza kumchubua, na mipira ya ncha za magongo hulika kwa changarawe. Gurudumu likipasuka, mtoto hubaki nyumbani.

Aidha, tumtazame mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Hospitalini hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa majuma kadhaa, kisha huvaa viatu maalumu usiku hadi umri wa miaka 4 hivi. Tiba hii si ghali ikilinganishwa na upasuaji mkubwa, ila yadai nauli na subira. Mama akikosa nauli na kukatiza njiani, nyayo zaweza kupinda tena. Mama huyo hahitaji kitita cha siku moja. Ahitaji nauli isiyokatika.

Kasoro ya pili ni ya heshima. Mtoto hupandishwa jukwaani na ulemavu wake kuelezwa kwa kipaza sauti mbele ya wenzake, ili nyoyo zilainike na mifuko ifunguke. Nani kati yetu angependa kutangazwa hivyo? Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kuzifikia taasisi za elimu na kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake. Haki hailipiwi kwa fedheha.

Wapo watakaouliza: ikiwa ni haki, mbona Serikali isigharimie yote? Swali hilo lina uzito, na viongozi wetu yafaa waulizwe kila bajeti isomwapo. Lipo pia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na walimu wawasaidie wazazi kuwasajili watoto wao huko. Lakini umri wa mtoto hausimami kungoja bajeti. Mwaka mmoja nje ya darasa ni mwaka uliopotea.

Basi tufanyeje? Kila shule na ianzishe mfuko mdogo wa kudumu. Wazazi, walimu na wahitimu wachange kidogo kidogo kila muhula, nayo hesabu isomwe hadharani katika mkutano wa wazazi bila kutaja jina la mtoto yeyote. Fundi wa baiskeli alipwe kuziba magurudumu. Mlangoni pajengwe mteremko: kwa kila sentimita 10 za kimo, sentimita 120 za urefu, ili mtoto ajisukume mwenyewe. Choo kiwekwe vyuma vya kujishikia, kwani mtoto asiyeweza kukitumia hujinyima maji kutwa nzima.

Nanyi wanafunzi msiseme hamna kitu. Njia ya kwenda darasani mwaweza kuisawazisha kwa majembe. Mwenzenu mwulizeni kwanza kama ataka kusukumwa, wala msimwite kwa jina la kilema chake. Hujafa hujaumbika.

Walimu wakuu wanaopanga harambee mwaka huu wajiulize swali moja kabla ya kuchapisha kadi za mialiko: miaka mitatu baada ya mgeni wa heshima kuondoka, mtoto huyu atakuwa bado yumo darasani? Jibu likiwa hawajui, mchango wao haujapangwa.